Tushuke Mlimani

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Mathayo 17:1–18)

 

Kila mwaka, tarehe 6 Agosti, Kanisa letu hukumbuka Kugeuka Sura kwa Bwana Yesu. Habari hiyo mnaijua. Bwana aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akapanda nao mlimani, na huko sura yake ikabadilika, ikatoa mwanga ambao hawajapata kuuona. Wingu likawafunika. Wanafunzi wakaanguka chini kwa hofu. Ndipo Yesu akawakaribia, akawagusa, akawatuliza.

Tarehe hiyo hiyo mwaka 1945, siku ya Jumatatu, mwanga wa namna nyingine ulionekana duniani. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi katika mji wa Hiroshima, Japani. Maelfu ya watoto wa shule walikuwa nje wakisaidia kubomoa nyumba, ili ipatikane nafasi ya kuzuia moto kama mji ungeshambuliwa. Ndege ya Marekani ilipita juu sana, zaidi ya mita 9,000. Rubani wake alikuwa ameipa jina la mama yake mzazi, Enola Gay. Nayo kabla haijaruka, kasisi wa jeshi alikuwa ameiombea safari yake.

Bomu moja tu liliangushwa. Lilipasuka angani, kama mita 600 juu ya mji. Kwanza mwanga, kisha joto kali, kisha upepo wa kubomoa nyumba, kisha moto. Mbele ya benki moja mtu alikuwa ameketi juu ya ngazi za mawe, na kilichobaki pale ni kivuli chake tu. Jiwe lile limehifadhiwa hata leo. Mwaka ulipokwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Siku tatu baadaye ilikuwa zamu ya Nagasaki. Ndege ilikuwa imekusudia mji mwingine, Kokura, lakini haikuweza kuuona vizuri, ikageukia Nagasaki. Huko, mtaani Urakami, lilikuwako kanisa kubwa la ndugu zetu Wakatoliki. Mababu zao walikuwa wameificha imani yao zaidi ya miaka 200 kwa sababu ya mateso. Bomu lilipasuka karibu na kanisa hilo, na maelfu ya waumini wakafa. Mji mzima ulipoteza watu wapatao 70,000.

Wala kufa hakukuishia hapo. Watu waliodhani wameponea walianza kunyonyoka nywele na kutoka damu, kwa sababu ya mionzi iliyoingia mwilini. Mtoto Sadako Sasaki alikuwa na umri wa miaka 2 siku ile, na hakuumia. Miaka kumi baadaye alipatwa na saratani ya damu. Alilala hospitalini akikunja korongo wa karatasi akitumaini kupona, akafa mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 12.

Msikilizaji mmoja atauliza, "Lakini mchungaji, si vita viliisha?" Hilo ni swali la haki. Wengi wetu tulikuwa na babu waliovaa sare ya KAR, wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani katika mvua na misitu. Waliwazika wenzao kule. Japani iliposalimu amri mwezi ule ule wa Agosti, walijua kwamba watarudi nyumbani. Nani awalaumu kwa kufurahi? Tena majeshi ya Japani yalikuwa yamewatesa vibaya watu wa China, Korea na nchi nyingine. Wanahistoria wangali wakibishana kama ni bomu lililomaliza vita, na ubishi huo hatutaumaliza asubuhi hii.

Wala sisi Waafrika tusidhani tulikuwa mbali. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Mikono iliyoyatoa mawe yale ardhini ni mikono ya Waafrika, wasiojua yanapelekwa kufanya nini.

Lililo letu leo ni hili. Ukiwa juu mita 9,000, huoni uso wa mtu. Unaona mto, madaraja, na mji uliolala kama ramani. Mtoto humwoni.

Lakini chini kule alikuwako mchungaji wa Kimethodisti, Kiyoshi Tanimoto. Asubuhi ile alikuwa pembeni mwa mji. Watu walipokuwa wakitoka mbio, yeye alikimbia kuingia, kutafuta jamaa yake na washirika wake. Mtoni alikuta mashua, na kando yake maiti za watu watano. Aliwaondoa, akawaomba radhi kwa kuwachukulia chombo chao, kisha akaanza kuwavusha majeruhi. Alimshika mwanamke mmoja mikono amwingize mashuani, na ngozi ikabanduka. Ilimlazimu ajikumbushe mara kwa mara kwamba hawa ni wanadamu.

Mchungaji huyo alikuwa na binti, Koko, aliyekuwa na miezi minane wakati ule. Alifukiwa na kifusi pamoja na mama yake, wakatoka salama. Alikua akiwachukia watu waliokuwa ndani ya ndege ile, akiazimia kwamba siku atakapowaona atawapiga. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 10, alikuwa Marekani na wazazi wake katika kipindi cha televisheni, na aliyeletwa mbele yao ni Robert Lewis, rubani msaidizi wa Enola Gay. Lewis alieleza jinsi alivyoandika akimwuliza Mungu ni jambo gani walilotenda. Koko akamkazia macho, akaona machozi. Yule aliyemdhania kuwa jitu alikuwa mtu. Akamsogelea, akamgusa mkono, naye Lewis akaushika.

Ndugu wapendwa, Petro alitaka ajenge vibanda wakae kule kule juu. Yesu hakukubali. Alishuka, na chini ya mlima alimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa, ambaye ugonjwa wake ulimtupa motoni na majini. Bwana alitoka katika utukufu akaenda moja kwa moja kwa mtoto huyo.

Hata leo mabomu ya namna ile yako duniani kwa maelfu. Mwaka 2024 chama cha manusura, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, kwa kuwa wazee hawa hawachoki kushuhudia ili yasiwapate wengine. Nasi tutashuhudia nini? Tunaposikia katika habari kwamba watu kadhaa wameuawa, tusiivuke hesabu hiyo kama bei ya mahindi. Tukae kidogo, tuwaombee. Na yule jirani tuliyekosana naye kwa mpaka wa shamba, au watu wa kabila ambalo tumezoea kuliita "wale", tunawatazama kutoka wapi? Tushuke, wapendwa. Twende tukamsalimu mtu huyo leo, kwa mkono.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, ambaye Mwanao alishuka mlimani akamponya mtoto: utusamehe yale tuliyotenda, na yale tuliyoyanyamazia. Uwafariji wanaobeba majeraha ya vita. Uwazuie wenye mamlaka ya kuangamiza. Utupe macho ya kuona uso wa kila mtu, na mikono isiyoogopa kugusa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.