Kitabu cha Fundi wa Ndege



Hiki ni kitabu changu cha kazi. Nilianza kukijaza Embakasi, nikihudumia ndege za Fokker F27 za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Kwa fundi wa ndege, kazi isiyoandikwa haijafanyika.

Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nilirudi Moshi bila kazi. Kitabu hiki ndicho kilichonishuhudia, nikaajiriwa na Shirika la Ndege Tanzania, lililoundwa mwaka huohuo.

Humu mna mstari uliokatwa: nilitia sahihi kabla ya kukaza nati, nikarudi kukiri. Ndege ilichelewa, nikakaripiwa. Abiria walifika salama. Ukurasa ule sikuuchana.

Leo nakikabidhi kitabu kwa maktaba yetu. Vijana, someni ukurasa huo kwanza.