Mwenye Kifafa Ashike Dawa Yake Mwenyewe



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafunza wazee wetu kuchimba vyoo. Leo tuseme juu ya kifafa. Mwenzetu mmoja alijiona mzima, akaacha vidonge, akaanguka mtumbwini. Tulimwopoa. Tangu hapo dawa tukamtunzia sisi, kama mtoto. Tulipokwenda Ujiji siku mbili, akazikosa. Kosa ni letu.

Basi azishike mwenyewe. Kila akimeza, apige alama ya mkaa ukutani. Zikibaki za wiki moja, ushirika utoe nauli ya zahanati. Dawa hii haikatwi ghafla. Mtumbwini asiingie, kazi ya kuanika dagaa ipo. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, wala msikimbie povu: kifafa hakiambukizi.

Kidole kimoja hakivunji chawa.