UKIMFUKUZA NESI, MTEGO UNABAKI WODINI

Vijana wenzangu, nitegeeni sikio.

Novemba 2007, hapa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilikuwa na wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza. Mmoja anaumwa goti, mwenzake kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa! Wa kichwa akapasuliwa goti, na baadaye akafariki. Nchi nzima ikapiga kelele, madaktari wakasimamishwa kazi, tukatulia.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya Nairobi. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta vibandiko vya majina vilichanganywa, na mgonjwa asiyehitaji upasuaji akafunguliwa fuvu. Madaktari walishtuka wakiwa tayari ndani: damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haimo! Daktari, manesi na mtoa dawa ya usingizi, wote wakasimamishwa.

Sasa nakuuliza wewe unayependa kupiga kelele "Afukuzwe!" Nesi atakayeingia zamu kesho usiku anaingia wodi gani? Si ile ile? Wagonjwa ni wale wale, vitanda ni vile vile, vibandiko ni vile vile. Umemfukuza mtu, mtego umeuacha. Na kigogo anachekelea, maana kama ni yeye aliyempanga nesi mmoja kwa wodi nzima, hakuna atakayemuuliza. Mdogo katolewa kafara, faili limefungwa.

Waingereza nao walikuwa na ugonjwa wao. Kwa utaratibu wa mwaka 2015, kila tukio kubwa lilipewa siku 60 za kazi kuchunguzwa, ikawa mbio za kumaliza ripoti. Agosti 2022, idara yao ya afya, NHS, ikatoa utaratibu mpya, na hospitali zikatakiwa kuhamia huko kufikia vuli ya 2023.

Upya wake ni nini? Swali la kwanza si "nani kafanya?" bali "kazi ilikuwa inafanyikaje siku ile?" Zamu ilikuwa na watu wangapi? Walichoka? Vifaa vilikuwepo? Mgonjwa na ndugu zake wanasikilizwa, maswali yao yanaingia kwenye uchunguzi. Haina maana mkorofi anasamehewa. Nidhamu ina njia yake pembeni.

Ndugu yangu, siku moja atakayelazwa ni mama yako. Likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, usiridhike na kichwa cha mtu. Dai mambo matatu: ilitokeaje, kimebadilishwa nini, na nani atahakikisha. Ripoti uisome kwa macho yako.

Wakikujibu "Tumeshamfukuza," usishukuru. Bado hujajibiwa.