Mchezo wa Roboti Utambuliwe Shuleni
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa karakana ya reli katika mkutano wa tawi)



Jambo langu leo ni moja tu, nalo lahusu watoto wetu. Binti yangu yuko shule ya sekondari. Yeye na wenzake wametengeneza roboti, yaani mashine yenye mota, waya na betri, inayofuata amri walizoiandikia. Walialikwa kushindana na shule nyingine, wakaomba basi la shule. Wakajibiwa: basi ni la wanamichezo, na huo si mchezo. Wakabaki nyumbani.

Ndugu zangu, neno "kutambuliwa" sisi twalijua sana. Chama kisipotambuliwa, mwajiri hukisikiliza akipenda, na asipopenda hukifungia mlango. Kikitambuliwa, hana budi kuketi nacho mezani. Mchezo nao ni vivyo hivyo. Mpira una basi, una fedha, una mwalimu wake na saa yake katika ratiba. Roboti haina kitu ila huruma ya mwalimu mmoja.

Wengine watauliza: mchezo gani huu usio na jasho? Nami nawajibu: Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliitambua sataranji mwaka 1999, na wachezaji wake huketi vitini. Huko Marekani, mashindano ya roboti yaliyoanzishwa na Bwana Dean Kamen yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1992, timu zikiwa 28. Siku hizi timu 3 hupambana na timu 3 uwanjani, marefa wakitazama, kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi. Mashine ikivunjika, vijana hushika spana wakaitengeneza kabla ya zamu yao kurudi. Mwaka 2012 chama cha michezo ya shule za sekondari katika jimbo la Minnesota kilianza kuwa na fainali ya roboti ya jimbo, kama michezo mingine.

Wala si jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 2017 vijana wa Kenya walikwenda Washington kushindana na mataifa zaidi ya 150.

Mimi niliishia darasa la nane shule ya misheni. Kazi ya mashine nilijifunzia karakanani. Mashine mpya zaja kazini, tupende tusipende. Heri mtoto wetu awe mwenye kuiamuru mashine kuliko kuwa mwenye kufukuzwa nayo.

Hatusemi mpira uondolewe. Twasema roboti iwekwe kando yake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi ndipo kitambuliwe. Nasi tuitumie njia hiyo: tukusanye majina ya wazazi, tuyapeleke kwa halmashauri ya shule, tudai basi, fedha, mwalimu na saa katika ratiba. Mzazi mmoja hufukuzwa mlangoni. Wazazi mia hupewa viti.

Umoja ni nguvu.