Cheti cha Jana na Kazi ya Leo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkumbi, Wilaya ya Mbinga)

Katika mikutano mingi ya vyama vya msingi husikika maneno haya: "Katibu wetu ana cheti." Husemwa kwa fahari, na fahari hiyo ni ya haki. Lakini liko swali la pili ambalo ni nadra kuulizwa: cheti hicho ni cha mwaka gani, na tangu mwaka huo mwenyewe amejifunza nini zaidi?

Katika taaluma kadhaa hapa nchini swali hilo haliachwi kwa hiari ya mtu. Mhasibu na mkaguzi wa hesabu waliosajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, hutakiwa kuendelea kujifunza na kuonyesha ushahidi wa mafunzo hayo. Muuguzi na mkunga nao, wanapohuisha leseni zao, hudaiwa ushahidi wa mafunzo endelevu. Maana yake ni kwamba leseni si mali ya kurithiwa wala pambo la kutundikwa ukutani. Hutolewa kwa muda, na muda ukiisha mwenye leseni hana budi kuonyesha kwamba bado anastahili kuaminiwa.

Wako wanaoona masharti haya kuwa ni usumbufu mtupu. Jibu lao halitafutwi mbali, kwa kuwa limo katika historia ya Mkoa huu wa Ruvuma. Mwaka 2003 mkoa huu ulikuwa wa kwanza nchini kuanzisha Maduka ya Dawa Muhimu. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, na waliotimiza masharti wakaidhinishwa kuuza baadhi ya dawa ambazo maduka ya dawa baridi hayakuruhusiwa kuziuza. Wakati huo dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali ilikuwa SP, ambayo mwaka 2001 ilichukua nafasi ya klorokwini. Mwishoni mwa mwaka 2006 Serikali ikabadilisha tena, na dawa mseto ikachukua nafasi ya SP. Basi muuzaji aliyefundishwa vizuri mwaka 2003, akashika vizuri, asijifunze tena, baada ya miaka michache alikuwa akimshauri mama mwenye mtoto mgonjwa kwa elimu iliyokwisha kupitwa. Hakuwa mvivu wala mdanganyifu. Kosa lake lingekuwa moja tu, nalo ni kuamini kwamba elimu ya siku ile ingemtosha siku zote.

Ndugu Wanaushirika, hali ya ushirika ni hiyo hiyo. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Zikafuata sheria nyingine za vyama vya ushirika za miaka 1991, 2003 na 2013. Katibu aliyefundishwa chini ya sheria ya 1991 amekwisha kupitiwa na sheria mbili mpya. Aidha, katika msimu wa 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima ikusanywe kupitia vyama vya ushirika, na mzigo wa mizani, stakabadhi na malipo ukaongezeka katika maghala ya vyama vya msingi. Kisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikaleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ambao huendeshwa kwa kompyuta. Anayejua daftari la mkono peke yake, hata kama mwandiko wake ni mzuri, hulazimika kumtegemea mtu mwingine amwingizie taarifa za chama, asiweze hata kuzihakiki.

Hasara ya jambo hili haimwangukii katibu kwanza. Humwangukia mkulima aliyechuma kahawa, akaimenya, akaianika na kuibeba mpaka ghalani. Makato yakikosewa, malipo yake hupungua. Hesabu zisipofungwa kwa wakati, ukaguzi huchelewa, na chama kisichokaguliwa hakiaminiki kwa mkopeshaji wa pembejeo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo hapana budi kuongeza kwamba daftari bila maarifa nalo hupoteza.

Ni kweli kwamba ukatibu wa chama cha msingi hautokani na leseni ya bodi ya wahasibu. Lakini hakuna sheria inayokizuia chama kujiwekea desturi iliyo njema. Tena desturi hiyo si ngeni. Waasisi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza mwaka 1844, walikuja kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Hapa nchini Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichowafikia makatibu na wanakamati vijijini kwa masomo ya posta na ya redio.

Kwa hiyo vyama vinashauriwa mambo manne. Kwanza, kila chama kiwe na daftari la mafunzo, likionyesha jina la mtendaji au mjumbe wa bodi, somo, tarehe na mfundishaji. Pili, fungu la elimu liingizwe katika makisio ya mwaka, lisiguswe kwa matumizi mengine. Tatu, kila anayerudi kutoka mafunzoni awafundishe wenzake katika muda wa mwezi mmoja. Nne, bodi isihuishe mkataba wa mtendaji kabla ya kulisoma daftari hilo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Saa za kukaa darasani si kipimo cha elimu. Mtu aweza kuhudhuria semina tano, akatia sahihi, akapokea posho, akarudi kama alivyokwenda. Kipimo ni kazi: je, stakabadhi zinalingana na uzito wa ghalani? Je, hoja za mkaguzi za mwaka jana zimejibiwa?

Wamatengo wanaijua kanuni hii kutoka mashambani. Mashimo ya ngolo huzuia maji yasichukue udongo wa mlimani, lakini ngolo haichimbwi mara moja ikaachwa. Baada ya mavuno hufumuliwa, ikachimbwa upya. Asiyeichimba upya hapaswi kuilaumu mvua.

Katika Mkutano Mkuu ujao, mwanachama mmoja na asimame aombe daftari la mafunzo lisomwe. Kama halipo, mkutano huo huo uagize lifunguliwe.