Uteuzi wa Kocha Mkuu wa Timu ya Taifa ya Kriketi

Kocha mkuu wa timu ya taifa ya kriketi hufanya kazi ambayo sehemu yake kubwa humalizika kabla mechi haijaanza. Kocha wa soka husimama kando ya uwanja, akabadili wachezaji na mfumo dakika yoyote aonayo inafaa. Katika kriketi, mpira wa kwanza ukisharushwa, neno ni la nahodha: ndiye anayepanga wadakaji, anayeamua nani arushe ova inayofuata na, katika mechi za Test, anayetangaza kufunga zamu ya timu yake ya kupiga. Kocha ana mazoezi, uchambuzi wa wapinzani na malezi ya chipukizi. Kwa hiyo kamati ya uteuzi inapaswa kuamua, kabla ya kufungua wasifu wa mwombaji yeyote, mipaka ya mamlaka ya kocha mbele ya nahodha.

India ililiacha jambo hilo wazi, ikalilipia. Juni 2016 bodi yake ya kriketi ilimteua Anil Kumble, mrushaji mwenye wiketi 619 za Test, kwa ushauri wa kamati ya magwiji watatu: Sachin Tendulkar, Sourav Ganguly na V. V. S. Laxman. Chini yake timu ilishinda mifululizo yote mitano ya Test. Hata hivyo, tarehe 20 Juni 2017, siku mbili baada ya kufungwa na Pakistan katika fainali ya Champions Trophy, Kumble alijiuzulu, akieleza kwamba nahodha hakuridhika na mtindo wake wa kazi. Nafasi ilichukuliwa na Ravi Shastri, aliyekwisha kufanya kazi na nahodha huyo, Virat Kohli, kama mkurugenzi wa timu. Wateuzi walikuwa na ujuzi wa kutosha. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya nani mwenye kauli ya mwisho.

Uingereza ilianza upande wa pili. Mwaka 2022, ikiwa imeshinda mechi 1 tu kati ya 17 za Test, iligawa kazi kati ya makocha wawili: Matthew Mott kwa michezo ya ova chache, Brendon McCullum kwa Test. McCullum hakuwahi kufundisha timu ya mechi ndefu, lakini fikra zake zililingana na za nahodha mpya, Ben Stokes. Uingereza ilishinda mechi 10 kati ya 12 zilizofuata. Mgawanyo wenyewe haukudumu: Mott aliondoka 2024 na McCullum akakabidhiwa timu zote kuanzia 2025.

Kwa chama chenye mfuko mwembamba tatizo ni jingine, na Kenya inalionyesha kwa uchungu. Katika Kombe la Dunia la 2003, chini ya Sandeep Patil kutoka India, Kenya iliilaza Sri Lanka jijini Nairobi kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5, kisha ikafika nusu fainali mjini Durban. Mafanikio hayo yalijenga imani kwamba kocha mwenye jina ndiye dawa. Ukweli ni kwamba kizazi cha nahodha Steve Tikolo kilikuwa kimekomaa kwa miaka mingi, na nyuma yake hapakuwa na ligi ya kuzaa kingine. Mgogoro wa malipo ya wachezaji ulifuata, chama cha zamani kikavunjika, na Cricket Kenya ikaanzishwa 2005. Wakaja makocha Roger Harper, Eldine Baptiste, kisha Mike Hesson. Hesson aliondoka 2012, na 2015 akaifikisha New Zealand fainali ya Kombe la Dunia. Kenya ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja tangu Januari 2014. Ni dhahiri kwamba ujuzi wa kocha haukuwa pengo.

Utaratibu nao huweza kuharibu uteuzi mzuri. Agosti 2024 Dodda Ganesh, mrushaji wa zamani wa India, alitangazwa kocha mkuu wa Kenya. Takriban mwezi mmoja baadaye bodi tendaji ilikataa kuidhinisha uteuzi huo, ikisema katiba ya chama haikufuatwa, na Lamech Onyango akashika nafasi kwa muda. Idhini ya chombo chenye mamlaka ilipaswa kutangulia tangazo, kwa heshima ya mgeni na ya wachezaji pia.

Afrika Mashariki ina hazina yake. Tikolo mwenyewe amefundisha Uganda na Tanzania, na mtu wa aina hiyo anavijua viwanja, klabu na lugha ya wachezaji. Kocha mgeni huleta upeo, ila anahitaji muda. Uganda ilimwajiri Abhay Sharma Aprili 2024, miezi miwili kabla ya Kombe la Dunia la T20. Iliifunga Papua New Guinea, kisha West Indies ikaitoa yote kwa mikimbio 39. Udhaifu wa wapigaji hautibiki kwa wiki nane.

Mkataba unaofaa, basi, hufunika mzunguko mzima wa kufuzu, humpa kocha sauti juu ya timu za vijana, na humtaka amfundishe msaidizi mzalendo kazi yake yote. Hutaja pia vigezo vya kupima maendeleo mbali na matokeo, pamoja na masharti ya kuachana yaliyokubaliwa kabla ya saini.