MAZUNGUMZO: UMEME UMETANGULIA, NGURUMO IKO NJIANI

Ndugu zangu wazazi,

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tumezoea mawimbi. Radi nayo tumeizoea. Leo nataka kuwaonyesha kuwa mambo haya yana undugu.

Mtoto huuliza, "Baba, mbona umeme unamulika kwanza, halafu ngurumo inakuja nyuma?" Tusimwambie anyamaze. Swali hilo linaweza kumwokoa.

Chukua karai la maji. Weka jani dogo juu ya maji. Maji yakitulia, dondosha kijiwe. Viwimbi vitasambaa mpaka ukingoni. Mwulize mtoto: jani je, limekwenda navyo? Ataona linapanda na kushuka tu. Kumbe kinachosafiri ni mtikisiko, si maji yenyewe.

Sauti pia ni wimbi, ila linapita hewani na hatulioni. Radi huichoma hewa ghafla. Hewa inatanuka kwa nguvu na kutikisika. Mtikisiko huo ukifika masikioni, ndiyo ngurumo. Unakwenda kiasi cha mita 340 kila sekunde. Kwa hiyo kilometa 1 huchukua kama sekunde 3. Lakini mwanga unafika papo hapo. Mtazameni mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka linashuka kwanza, mlio unafuata.

Haya, umeme ukimulika, hesabuni polepole: mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Kila hesabu ni karibu sekunde 1. Ngurumo ikisikika kwenye mia na tisa, gawanya 9 kwa 3. Radi ilipiga kilometa 3 kutoka hapo.

Je, ni mbali? Hapana! Radi inayofuata inaweza kupiga hapo ulipo. Ngurumo ikisikika kabla ya mia na thelathini, acheni kazi. Aliye mtumbwini arudi nchi kavu. Ingieni katika nyumba imara. Msijifiche chini ya mti. Baada ya ngurumo ya mwisho, subirini dakika 30.

Mtoto aliye machungani huogopa kuacha ng'ombe, maana atagombezwa. Basi tumwambie leo, kabla ya mvua: "Ukisikia ngurumo, kimbilia nyumbani. Hatutakugombeza." Ng'ombe aliyepotea tutamtafuta kesho. Mtoto akipigwa na radi, tutamtafuta wapi?